Bi Chausiku Hachemshi Chai

Kwa maneno ya Bi Mashavu mwenyewe, siku ya matanga ya Mzee Mbwana yeye ndiye aliyelinusuru sufuria kubwa la kijiji. Anasema alikuwa amekaa anachambua mchele na wanawake wenzake, mara akanyamaza, akainua pua. Pua yake, anasema, ilimwambia kwamba sufuria limeondoka. Akajifunga kanga kiunoni, akafuata masizi yaliyodondoka kwenye majani, akavuka shamba la mihogo, akatokea nyuma ya ghala, akamkuta mwizi ameshalifunga kamba tayari kwenda nalo. Mwizi huyo, anasema Bi Mashavu, alikuwa dume la mtu, shingo kama ya fahali, na panga mkononi. Akamrukia. Walipoanguka chini, kijiji kizima cha Mazingara kilitikisika, na kuku waliokuwa wakiota jua wakakimbilia ndani wakidhani ni radi.

Hivyo ndivyo anavyosimulia. Mwaija, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa ameisikia habari hiyo mara nyingi, na kila ikirudiwa mwizi aliongezeka kimo. Hakuwahi kumkatiza. Mwaija si mtu wa kukatiza watu. Yeye hukaa pembeni akaangalia nani kakaa wapi, nani kamega tonge la kwanza, nani kacheka baada ya wenzake kumaliza kucheka.

Na siku ile alikuwapo. Alichokiona ni Mzee Mdoe, kibabu mwembamba asiye na panga wala fimbo, amekaa nyuma ya ghala juu ya sufuria lililofudikizwa, anavuta sigara ya kusokota, amechoka kungoja aulizwe. Ukoo wake na ukoo wa marehemu ni watani tangu mababu. Na mtani msibani ana haki yake: huchukua kitu akakificha, wala hakitoi mpaka wafiwa wamkomboe kwa hicho atakachokitaja, ili waliolia nao wapate kucheka. Zamani, kila ukoo ukiwa kwenye kitongoji chake, hakuna aliyehitaji kuambiwa nani mtani wa nani. Lakini tangu watu wahamishiwe kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mstari mmoja kama shanga, walijikuta wamechanganyika wa huku na wa kule. Bi Mashavu kwao ni Magoma, na kitongoji alichoolewa kilikuwa mbali. Mzee Mdoe kwake alikuwa mzee tu wa nyumba ya mbele. Akamshika mkono, akapiga yowe la mwizi. Sadala, balozi wa nyumba kumi, naye mgeni vile vile, akaja na kamba akamfunga mzee wa watu.

Wafiwa walipokuja kuona nani kafungwa, walicheka mpaka mjane akaomba maji. Na kwa kuwa anayemwita mtani mwizi ana lake la kutoa, Bi Mashavu alitoa kuku, tetea wake wa madoa aliyekuwa akimpenda. Kuku huyo hayumo katika masimulizi yake.

Mwaija alikuwa ameishia darasa la saba. Kisomo cha watu wazima kilipoanzishwa kijijini, akapewa darasa la akina mama, jioni, wakisharudi kutoka shamba la ujamaa. Kitabu walicholetewa kilikuwa cha pamba. Pamba ni mali. Panda pamba. Palilia pamba. Akina mama waliokuwa wameipalilia pamba yenyewe tangu alfajiri walisinzia wakiwa wameshika chaki. Siku moja Mwaija akafuta pamba ubaoni, akaandika: Chungu cha mkwe kimevunjika. Nani kakivunja?

Hakusinzia mtu. Kesho yake hata waliokwisha kujua kusoma walirudi darasani wakijifanya wamesahau herufi.

Aliyemtafuta mvunja chungu katika hadithi hiyo alikuwa Bi Chausiku, mfinyanzi, mwanamke aliyeachwa na mume na akashukuru. Kazi yake kutembeza vyungu nyumba kwa nyumba, na mwenye kuuza vyungu haishii uani, huingia mpaka jikoni. Na kama vile mnunuzi anavyokigonga chungu kwa kidole asikilize mlio wake, ndivyo Bi Chausiku alivyowagonga watu kwa maswali, taratibu, huku na huku, mpaka asikie palipo na ufa.

Bi Mashavu, kwa kuwa naye ni mfinyanzi, aliamua siku ile ile kwamba Chausiku ni yeye. Mwaija hakukana, hakukubali. Kitu kimoja tu kilimkera. Kila hadithi mpya ilipoanza, kabla haijafika hata katikati, Bi Mashavu alikuwa akimtaja mkosaji kwa sauti, mbele ya darasa zima.

"Usinimalizie hadithi, mama."

"Nitakumalizia vipi, mwanangu, na mwenyewe kaishajitaja?"

Wala hakuwahi kusema alijuaje.

Hadithi hizo zilifika Korogwe ndani ya kikapu cha mahindi mabichi, Mwaija alipokwenda kumsalimia shangazi yake. Karibu na stesheni ya reli palikuwa na Simeo, Msambaa wa Dindira, mwenye mashine ya chapa ya kukanyaga kwa mguu. Alichapa kadi za harusi, tiketi za dansi na ratiba za kwaya. Mwaija alimpa ile ya kwanza aisome, akakaa kwenye benchi, akamtazama. Alipomwona anarudisha kurasa nyuma kutafuta alipopitwa, akajua kwamba ameshanasa.

"Unatoka wapi, binti?"

"Mazingara, Handeni."

"Kumbe watani wetu sisi Wasambaa. Nyinyi watu wa bada, wa ugali wa muhogo kila siku, na kuandika mnajua?"

"Tunaandika tukishashiba, mzee. Nyinyi wa milimani mnakunywa chai kavu asubuhi mpaka jioni mkidhani mmekula."

Simeo alicheka mpaka mguu ukapotea kwenye kanyagio. Tangu siku hiyo hawakuitana kwa jina lingine ila mtani. Akachapa Chungu cha Mkwe, kijitabu chembamba chenye jalada la karatasi ya kadi zilizobaki. Baadaye Kanga ya Bibi Harusi, kisha Ngoma Iliyopasuka. Vikauzwa stendi na kwenye mabehewa ya treni, pamoja na machungwa na mayai ya kuchemsha. Wasafiri waliokuwa wakienda Moshi walishuka wakiulizana kama mpiga zumari wa hadithi ya ngoma alijua au hakujua.

Mwaija alipopeleka hadithi ya nne, Simeo alivua kofia. Ilikuwa kofia ya pama, ya rangi ya kahawia, aliyoivua mahali pawili tu: kanisani, na pale anapokuwa na habari mbaya.

"Kaa, mtani. Makarani wa mjini wanaonunua vijitabu wananisumbua. Wanasema mwanamke wa vyungu hawezi kumshika mwizi. Wanataka Inspekta."

"Inspekta gani?"

"Yeyote. Mrefu, koti refu, pikipiki. Jina nimeshampa, Inspekta Fransisko."

"Na Bi Chausiku?"

"Simfukuzi. Mimi si mtu wa kumfukuza mtu. Inspekta akirudi kazini amechoka, atahitaji wa kumchemshia chai."

Mwaija alikuwa amekaa na Bi Chausiku kwenye kila tuta alilopalilia. Jembe likipanda na kushuka, yule mama alikuwa akienda mbele yake na vyungu kichwani, akichungulia milango ya watu. Akimkalisha mbele ya birika, basi. Hatainuka tena, na yeye Mwaija hataandika hata mstari. Alilijua hilo kama mtu anavyojua kwamba mguu wake umekufa ganzi kabla hajausimamia.

"Kijijini kwetu yupo," alisema.

"Yupo nani?"

"Mwanamke mfinyanzi aliyemkamata mwizi. Sufuria la msiba. Mwizi dume, shingo kama ya fahali, na panga mkononi." Ikatoka habari yote kama alivyoisikia ukutani, masizi kwenye majani, kuku na radi yao. Mwaija mwenyewe aliushangaa mdomo wake.

Simeo alimtazama kwa jicho moja. "Wiki ijayo napeleka kadi Handeni. Nitafika mpaka kwenu nimwone. Nikimkuta kama ulivyosema, Inspekta atangoja. Nikikuta porojo, mtani, injika birika."

Alikuja kweli, juu ya lori la pamba, kofia ameishika kwa mikono miwili isipeperuke. Mwaija alikuwa amepanga ampokee barabarani amwingize moja kwa moja kwa Bi Mashavu, asionane na mtu. Lakini kijiji cha nyumba za mstari hakina njia ya kupita nyuma. Mtu wa kwanza kwenye baraza ya kwanza alikuwa Mzee Mdoe.

"Karibu, mgeni. Unamtafuta nani?"

"Shikamoo, mzee. Namtafuta mama aliyemkamata mwizi wa sufuria."

"Marahaba. Basi umefika," alisema Mzee Mdoe, akamsogezea kigoda. "Mwizi ni mimi."

Akamweleza yote, kwa furaha, hakubakiza. Utani wao na ukoo wa marehemu, kamba ya balozi, na tetea wa madoa, ambaye alikuwa mnono kuliko alivyoonekana. Simeo alisikiliza huku akiitazama shingo ya mzee, nyembamba kama mpini wa jembe. Kisha akamgeukia Mwaija.

"Kama ya fahali," alisema.

"Kule Magoma wanafuga fahali wadogo," alijibu Mwaija, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Chai, mtani. Bila sukari nyingi. Inspekta hapendi."

Kwa Bi Mashavu kulikuwa kumepikwa bada na kunde, maana aliarifiwa kwamba mtu wa vitabu anakuja kumtazama. Simeo, habari mbaya anazo tayari, akaitundika kofia yake kwenye msumari wa mlangoni. Mzee Mdoe naye akajikaribisha. Bi Mashavu akasimulia upya, toka kwenye pua mpaka kwenye radi, mwizi akiwa mbele yake anakula. Mzee Mdoe alitikisa kichwa kwa makini kama anayesikia habari za mtu wa mji mwingine.

"Hapo kwenye panga umenipunja," alisema. "Mwezi uliopita lilikuwa refu zaidi."

"Kula, mzee, mfupa usije ukakukwama."

"Kunde hazina mifupa."

"Ndiyo maana nimekupikia kunde."

Simeo alikuwa akitabasamu kwenye ndevu, na Mwaija alilijua tabasamu hilo. Ni la mtu ambaye shauri lake limekwisha. Keshokutwa angerudi Korogwe, akanyage mashine, na Fransisko angeshuka kwenye pikipiki yake na kuuliza kama chai tayari.

Macho ya Mwaija yakaenda kwenye msumari.

Aliinuka kwenda kujaza kata ya kunawia. Alipopita mlangoni, kofia ilitoka msumarini ikaingia chini ya kanga. Uani, vyungu vya Bi Mashavu vilikuwa vimepangwa kivulini vikikauka, bado vibichi, havijachomwa. Akaitumbukiza kwenye kile kikubwa kuliko vyote. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kila alasiri Bi Mashavu hupita akivigusagusa vyungu vyake kimoja kimoja. Ataiona tu. Atatoka nayo ameinyanyua juu, mgeni ataona kwa macho yake, na kama kawaida ya Bi Mashavu, maelezo ya jinsi alivyoipata atayatunga mwenyewe.

Simeo aliposimama kuaga, mkono ulikwenda ukutani ukakuta msumari mtupu.

"Kofia yangu."

Watu wote wakamtazama Mzee Mdoe. Mzee akainua mikono, bada ingali vidoleni. "Mimi leo sina msiba."

Wakaanza kutafuta. Mikeka ikakung'utwa, kuni zikapanguliwa, mbuzi wa jirani akachunguzwa kinywa. Akaitwa Balozi Sadala, naye akaja na kamba ile ile. Ila safari hii alisimama kwanza katikati ya uwanja.

"Kabla sijamfunga mtu," alisema, "kuna watani hapa?"

Hakuna aliyemsikiliza, kila mtu alikuwa ameinama. Jua lilikuwa kali. Mwaija akachota maji mtungini, akawazungukia wote na kata, Simeo kwanza kwa kuwa ni mgeni, kisha balozi, kisha majirani. Huku jicho moja liko kwa Bi Mashavu, akingoja ainuke aende uani.

Bi Mashavu hakuinuka. Alinawa mikono, akaikausha kwa kanga, akakaa vizuri.

"Mama, mbona wewe hutafuti?" Simeo alimwuliza.

"Mimi sitafuti kofia, baba. Kofia haina miguu. Natafuta mtu." Akanyoosha shingo. "Na nimeshampata. Mwaija mwanangu, kofia ya mgeni umeiweka wapi?"

Mwaija aligeuka na kata, maji yakamwagikia miguu ya balozi.

"Mimi, mama?"

"Wewe. Chungu cha mkwe kilipovunjika, watu wanatafuta vigae, nani aliwaletea maji? Yule shemeji. Aliyekivunja nani? Yule shemeji. Kanga ya bibi harusi ikapotea, nyumba nzima imeinama chini ya vitanda, nani anapita na kata? Kungwi wake. Ilikutwa kwa nani? Na mpiga zumari je, si aliwanywesha maji mpaka wakamwombea dua? Watu wako wote wakishaiba, ghafla huwa wema." Bi Mashavu akashusha pumzi. "Mara moja ni hadithi. Mara tatu ni wewe mwenyewe."

Mwaija aliwaza shemeji, akawaza kungwi, akawaza mpiga zumari na kata yake. Ni kweli. Miaka yote hiyo alikuwa amewaangalia watu wote wa Mazingara, isipokuwa mkono wake mwenyewe unaoshika penseli.

Simeo alikuwa amesimama kichwa wazi, tabasamu limemtoka. "Nimezipanga zile herufi moja moja kwa vidole vyangu," alisema polepole. "Wala sikuliona."

Balozi Sadala akaifungua kamba. "Basi nimfunge?"

"Ngoja kwanza, balozi," alisema Mzee Mdoe. Akajikohoza, akachukua sauti ya barazani. "Mgeni, huyu binti tangu umefika unamwitaje?"

"Mtani."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza kuonana. Mimi ndiye nilianza."

"Basi hapa hakuna mwizi. Hapa kuna kofia, na kuna ukombozi. Umeshamwita mwizi?"

"Sijamwita."

"Una bahati. Ungetoa kuku."

Bi Mashavu akatazama pembeni.

"Lakini mzee," Simeo alisema, akijaribu kujitetea, "mtani huchukua kitu msibani. Leo amekufa nani?"

Mwaija akaiweka kata chini. "Ulikuja kumzika Bi Chausiku," alisema. "Hata kaburi ulishachimba."

Majirani waliokuwa wameinama wakanyooka wote kusikiliza. Mzee Mdoe akapiga goti lake kwa kiganja. "Msiba upo. Taja ukombozi wako, binti."

"Namtaka Inspekta Fransisko."

"Umtake wa nini?" Simeo aliuliza.

"Nikae naye nyumbani. Anichemshie chai nikirudi shamba."

Kicheko kilianzia kwa balozi, mtu ambaye kwa kawaida hacheki, kikapita mlango kwa mlango mpaka nyumba za mwisho za mstari, ambako walicheka bila kujua wanachochekea. Simeo alijikuna utosi. Mtu anayemnyima mtani ukombozi hupoteza kitu chake na jina lake pamoja, na lori la pamba lilikuwa limeshaanza kupiga honi kule njiani.

"Na koti lake?" aliuliza.

"Na koti."

"Pikipiki je, mtani? Pikipiki niachie."

"Na pikipiki. Atakwenda nayo kisimani."

Simeo akanyoosha mikono kama mtu anayemkabidhi mtoto. "Mchukue. Bi Chausiku abaki kama alivyo. Na huyu mama," alisema akimwelekea Bi Mashavu, "makarani wakinisumbua tena, nitawaleta kwake mmoja mmoja."

Mwaija akaleta kofia. Ilikuwa na ukingo wa udongo mbichi pande zote. Bi Mashavu alipouona udongo ule hakuuliza ya kofia tena, aliuliza kama chungu chake kikubwa kimebonyea. Simeo akaivaa hivyo hivyo, akapanda lori, na mpaka kona ya shamba la mihogo aliishikilia kwa mikono miwili.

Jioni, darasa lilipokwisha, Mwaija alikaa kwenye baraza na karatasi zake. Hadithi ya nne ilibidi aianze upya, maana kulikuwa na mtu ndani yake anayegawa maji. Alikuwa amefuta kata na bado hajui mtu huyo afanye nini kwa mikono yake. Bi Mashavu akaja na kigoda chake, akakaa karibu mno, kama anavyokaa darasani anapotaka kusoma ukurasa wa mwenzake.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Habari ya leo utaiandika. Nakujua."

Mwaija alichonga penseli.

"Iandike. Lakini safari hii nitaje kwa jina langu, Mashavu, si Chausiku. Na mwizi mwongeze kimo kidogo, wewe ni mfupi, watu hawatatishika." Akawatazama kuku wake wanaopanda kulala, mmoja mmoja, kama anayewahesabu na kukuta pengo. Kisha akasogeza kigoda zaidi, na sauti yake ikashuka.

"Na yule tetea, mwanangu. Yule wa madoa. Yeye nakuomba usimtie."

Mwaija akailamba ncha ya penseli, akaigeuza karatasi upande ulio safi.